Ada ya Bembea

"Mpige! Unambembeleza wa nini, amekuposa?"

Kocha alikuwa amelikumbatia gunia la mazoezi kwa nyuma, shavu limegandamana na turubai, na kila ngumi ya mpwa wake ilipenya mchanga na matambara ikamgonga kifuani. Binti alipiga kushoto, kushoto, kisha kulia. Hiyo ya kulia ndiyo iliyompa jina la Kiberiti. Alikuwa mfupi, mwembamba, msichana ambaye kwenye foleni ya maji watu wangemsukuma nyuma bila hata kumtazama, lakini mkono ule ukiwaka, wanaume wazima walikaa chini bila kukaribishwa.

Gunia lilining'inia kwenye fremu ya bembea. Bembea yenyewe ilikwishakufa zamani. Viti viliibwa, minyororo ikafuata, na manispaa, ambayo ndiyo yenye bustani, haikurudi hata kuuliza marehemu kazikwa wapi. Ikabaki miguu minne ya chuma na bomba juu. Kocha aliikwangua kutu, akaipaka rangi iliyobaki kwenye mlango wa bucha, na tangu hapo kila alfajiri, kabla hajaenda kukata nyama, aliwafundisha vijana wa mtaa ndondi chini ya bomba lile.

Kupigana walikuwa wanakujua kabla hajawaona. Wasichokijua ni kuacha, na hapo ndipo alipoanzia. Alivaa filimbi ya plastiki shingoni, na sheria yake ilikuwa moja. Filimbi ikilia mara moja, mikono chini, hatua mbili nyuma, hata kama mwenzako amekutukania mama. Ikilia mara mbili, mnaendelea. Aliyepiga baada ya filimbi alipewa choo cha bustani akisafishe wiki nzima, na choo kile kilimtia adabu hata aliyewashinda wazazi. Kocha alikuwa akiipuliza ghafla, hasira zikiwa zimepanda, mpaka mikono yao ikazoea kushuka yenyewe, akili ikija nyuma.

Sheria hiyo ndiyo iliyompatia Kiberiti ruhusa. Mama yake, dada wa Kocha, alikuwa amekataa katakata. "Kaka, baba yake huyu alimpiga mtu kilabuni mpaka akafa. Alijua kuanza tu. Leo yuko wapi?" Kisha alikuja asubuhi moja kujionea. Filimbi ikalia, na Kiberiti akaishusha ngumi iliyokwisha kuwa njiani. Mama mtu alikaza kilemba chake akasema, "Haya, mfundishe. Lakini siku nikisikia hiyo filimbi haisikilizwi, mwanangu namrudisha jikoni."

Asubuhi hii ya gunia ilikuwa ya Alhamisi. Jumamosi kikosi cha zimamoto kilikuwa kinachagua wachezaji wa timu yake ya ndondi, na atakayeshinda angeajiriwa: sare, mshahara, matibabu ya mama. Watu walicheka sana, Kiberiti kwenda zimamoto. Yeye hakucheka. Alikuwa akifua nguo za watu tangu alipoacha shule, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni kabla havijachubuka kwa ngumi. Masharti yalikuwa mawili tu: daktari akupitishe, na polisi wasiwe na kesi yako.

Kocha alipuliza. Mikono yote ikashuka.

Kabla hajapuliza tena, waliwaona wanaume wanakuja kwenye nyasi. Mbele alikuwa Afisa Bustani, mgeni kazini, viatu vyake vikiwa bado vinalia. Nyuma yake askari wawili wa manispaa walibeba bango. Mmoja wao alikuwa Ukuta. Ukuta alikulia chini ya bomba lile lile. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwangusha, mpaka njaa ilipomwangusha, akaomba kazi ya kushika rungu la manispaa.

"Shikamoo, Kocha," alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye bango.

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hatukuja kusalimiana," alisema Afisa. "Someni hapo."

Bango lilisema ada za matumizi ya bustani zimehuishwa. Kuingia kulikuwa na ada yake, kupiga picha na yake, kukaa kwenye nyasi na yake. Chini kabisa palikuwa na michezo ya mapambano, kwa kikundi, miezi mitatu kwa mkupuo, kiasi ambacho Kocha hakipati hata akikata nyama miezi mitatu bila kula. Na mstari wa mwisho: matumizi ya bembea.

"Bembea ipi?" aliuliza Kiberiti.

"Hiyo mliyotundikia takataka zenu."

"Lakini haina kiti!"

"Ada ni ya bembea. Sheria haijasema kiti."

Vijana waliangua kicheko. Kocha hakucheka, alikuwa anasoma mara ya pili. "Mheshimiwa, haya mambo si huwa mnatuuliza wananchi kwanza?"

"Maoni yalikusanywa. Tangazo lilibandikwa."

"Wapi?"

"Ofisini kwetu, ubaoni."

Yaani ndani ya jengo lile ambalo mlangoni kuna mlinzi anayekuuliza wewe ni nani na umetumwa na nani. Wananchi walioliona ni wale wanaolipwa mshahara humo humo, na bila shaka maoni yao yalikuwa mazuri.

"Mpaka mlipe, sitaki kuwaona hapa," alisema Afisa, akamtazama askari wa pili. Askari alitoa kisu kiunoni akalipasua gunia kuanzia juu mpaka chini. Mchanga ukamwagika miguuni mwa Kiberiti. Fundi viatu, kijana mrefu aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake mazoezini, aliruka mbele ngumi zimekazwa, na wengine wakamfuata, na askari mwenye kisu akarudi nyuma hadi akagonga bango.

Kocha alipuliza mara moja. Mikono ikashuka, hatua mbili nyuma, wote kwa pamoja.

Afisa alibaki ameduwaa. Kisha akatabasamu polepole. "Hee! Kumbe umewafuga vizuri, mzee. Wanaelewa filimbi."

*

Kwenye bucha, Kocha alikata mbavu kwa shoka juu ya kigogo huku tajiri wake akimpigia hesabu ya dakika alizochelewa. Alipoomba ruhusa ya kwenda manispaa, tajiri aliweka kisu mezani.

"Nyama haingoji mambo yako ya ngumi."

"Nikate mshahara, bosi. Nikirudi nitasafisha na mashine."

"Wewe una kichwa kigumu kuliko hiki kigogo," alisema tajiri. Lakini hakumzuia.

Mlinzi wa manispaa alimnusa kwanza. Alimsukuma kifuani kwa ncha ya rungu, akamwambia machinjio yako upande ule. Kocha alivua aproni, akaikunja damu ikiwa ndani, akasukumwa mara ya pili, akavumilia, akaingia. Kwenye benchi la chumba cha mapato alimkuta mpiga picha wa bustanini, yule anayewapiga maharusi picha karibu na maua. Mdomo wake ulikuwa umepasuka na jicho moja limefumba. Mapajani alikuwa na kamera, lenzi imesagwa.

"Wamekukanyagia?"

"Wameikanyaga, halafu nimeambiwa nije kulipa faini yake," alisema mpiga picha. Alicheka kidogo, mdomo ukatoa damu upya.

Karani wa kwanza alimtuma kwa wa pili. Wa pili alikuwa ameenda kunywa chai. Alipofika kwa Naibu Mkurugenzi, jua lilikuwa limeshahama dirisha, na Naibu alikuwa kwenye simu akizungumzia mabati ya nyumba yake. Kocha alisubiri amalize mabati.

"Sikatai ada, mheshimiwa," alisema. "Naomba siku mbili tu. Mpwa wangu ana pambano Jumamosi. Akishapita hapo, nitang'oa kila kitu changu mwenyewe."

"Siku mbili si neno. Endeleeni na mazoezi, nitampigia Afisa."

"Ninaweza kupata karatasi?"

"Mzee, mimi nimekwambia. Huniamini?"

Kocha alikuwa mtu wa kizazi kinachoona aibu kumwambia mtu mzima mwenzake kwamba hamwamini. Alishukuru kwa mikono miwili akaondoka. Ukitaka kujua walivyotuweza, ni hapo hapo, kwenye adabu zetu.

*

Alasiri Kocha alikuwa ameketi chini ya bomba la bembea, akilishona gunia kwa sindano na uzi wa bucha. Kiberiti na wenzake waliuchota mchanga kwenye nyasi kwa viganja wakaurudisha ndani. Walipomaliza walilitundika, na Kiberiti akaanza taratibu, kushoto, kushoto, mshono ukivuja kidogo kila alipopiga kulia.

"Punguza," alisema Kocha. "Huo mkono ni wa Jumamosi."

"Naupasha moto tu, Mjomba."

Lori la manispaa liliingia moja kwa moja kwenye nyasi, zile zile za kulipiwa. Askari waliruka kabla halijasimama, na walikuwa zaidi ya kumi. Afisa alishuka wa mwisho, upande wa dereva.

"Naibu ametupa mpaka Jumamosi," Kocha alimwendea mikono ikiwa wazi. "Mpigie simu, atakwambia."

"Naibu hajaniambia kitu."

"Basi mpigie wewe, mheshimiwa. Tunakuomba."

"Mimi nimpigie bosi wangu kwa sababu ya gunia?" Afisa aligeuka. "Ng'oeni hiyo bembea. Ikateni kabisa."

Askari wawili walileta msumeno wa chuma. Kiberiti alisimama mbele ya fremu. Fundi viatu akasimama karibu naye, na wengine wakajipanga, viwiko mbavuni, ngumi mashavuni, kama walivyofundishwa. Askari walizoea watu wanaokimbia, wanaopiga magoti, wanaolia. Hawakuwa wamewahi kukutana na watu sita waliosimama kimya, wakiwachagulia mahali pa kuwapiga. Walisita. Wa mbele aliangalia nyuma kuona kama wenzake wapo. Kocha aliliona hilo, na moyo wake ukafurahi kwa namna iliyomtisha mwenyewe.

Ndipo Afisa akatoa filimbi mfukoni mwa shati, akapuliza mara moja.

Mikono ikashuka. Hatua mbili nyuma. Wote sita, wakagusa fremu kwa migongo. Hata Kocha mwenyewe alijikuta mikono imemshuka mapajani. Na katikati ya askari, rungu la Ukuta lilianguka kwenye nyasi, naye akarudi nyuma hatua mbili akasimama, peke yake, mikono chini.

"Sasa!" alisema Afisa.

Rungu la kwanza lilimpata fundi viatu mdomoni. Alikuwa amesimama wima kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha, na meno yalimtoka pamoja na damu kabla hajaelewa kwamba amepigwa. La pili lilimkuta gotini. Wengine walipigwa vichwani, shingoni, na walipoinama walipigwa uti wa mgongo, na mmoja aliyejikunja chini alipigwa mateke mpaka akatapika chai ya mchana. Msumeno ulikuwa umeshaanza kulia kwenye mguu wa bembea. Kocha alikimbilia katikati akapokea rungu begani, akasikia mtulinga wake ukikatika, akaenda chini kwa goti moja. Filimbi yake ilikuwa imemrukia mdomoni, au aliitia mwenyewe, baadaye hakukumbuka.

Mara mbili. Hicho ndicho kilichotakiwa. Apulize mara mbili na ile mikono ingepanda. Alijua vizuri ingefanya nini, alikuwa ameitengeneza kwa miaka. Lakini aliijua pia kesi ya kumpiga askari, na aliijua Jumamosi. Ngumi moja tu ya Kiberiti kwenye taya la mtu wa serikali, na zimamoto ingebaki hadithi. Akaing'ata filimbi bila kupuliza.

"Wewe ni wa nani, wetu au wao?" Mkuu wa askari alimpiga Ukuta teke la nyuma. "Okota! Piga, ama uvue hiyo sare hapa hapa!"

Ukuta aliokota rungu. Mbele yake alisimama Kiberiti, mikono chini, damu ya mtu mwingine usoni. Miaka yote waliyofanya mazoezi pamoja, Ukuta alikuwa akimwachia maji ya mwisho kwenye chupa.

"Inua mikono, Kiberiti," alisema. "Inua, dada, nakuomba. Jikinge!"

Kiberiti hakumtazama. Alikuwa anamtazama mjomba wake, na Kocha alijua anangoja nini.

"Piga!" mkuu alifoka.

Ukuta alifumba macho akashusha. Dakika ya mwisho kabisa mkono wa kulia wa Kiberiti ulipanda wenyewe, umefunguka, kukinga kichwa. Kocha alikisikia kile kishindo, na alikuwa anakijua. Ni kishindo alichokitoa kila siku kwenye kigogo cha bucha, shoka linapopita mfupa mdogo.

Akapuliza mara mbili. Akapuliza tena, na tena, huku akilia. Lakini waliokuwa na mikono ya kuinua walikuwa wameshalala.

*

Kituoni, polisi wa zamu aliandika kwa mkono mzito: kushambulia maafisa wakiwa kazini.

"Hakuna aliyeinua mkono, afande," alisema Kocha. Alikuwa ameushikilia mkono wake wa kushoto kwa wa kulia ili bega lisicheze. "Hata mmoja. Waulize askari wenyewe."

Polisi aliacha kuandika. Alimtazama fundi viatu aliyekuwa ameng'ata kitambaa kuzuia damu, akamtazama Kiberiti na mkono wake uliovimba hadi kwenye kiwiko. "Yaani ninyi, mabondia, mlisimama tu mkipigwa?"

"Ndiyo."

"Mzee wangu, hata mimi nikikuamini, hakimu atakuamini?" Akaendelea kuandika. Jina la Kiberiti aliliandika vizuri kuliko yote, akauliza herufi mara mbili asikosee.

Tajiri wa bucha ndiye aliyekuja kuwadhamini. Alitukana njia nzima, akawatukana wao, manispaa, na siku aliyomwajiri Kocha, kisha akawapeleka hospitali kwa gari lake la nyama, wakiwa wamekaa sakafuni penye mafuta. Daktari alisema mfupa wa kiganja umevunjika pale pale panapobeba ngumi. Alisema utaunga. Kiberiti aliuliza kuhusu ngumi, daktari akauliza yeye anafanya kazi gani. Alipoambiwa anafua nguo, alisema kufua ataweza.

Usiku uliwakuta uani. Mama yake Kiberiti alikuwa amewasha jiko la mkaa, na aliposikia mlango aligeuka na mwiko mkononi. Aliutazama mkono wenye plasta ngumu. Aliutazama mkono wa kaka yake uliofungwa shingoni. Hakupiga kelele, na Kocha angeona afadhali angepiga.

"Kaka, filimbi haikulia?"

"Ililia."

"Wakaisikia?"

"Waliisikia, dada. Ndiyo maana wako hivi." Alijaribu kueleza, akaeleza vibaya, akarudia. Alipofika pale alipoing'ata bila kupuliza, aliishika filimbi iliyokuwa bado shingoni. "Niliogopa kesi. Sasa kesi tunayo, na mkono hatuna. Nisamehe."

Dada yake aliukoroga uji uliokuwa ukitokota juu ya jiko. Kiberiti alikuwa amesimama karibu na kamba ya nguo za watu, akikunja na kukunjua ngumi ya kushoto, polepole, kama anayeijua mara ya kwanza.

"Mjomba, na huu nao utawaka?"

"Jumamosi imekwenda, mwanangu. Daktari hatakupitisha. Na jina liko polisi."

"Sijauliza Jumamosi."

Mama yake aliipua uji. Akamwendea Kocha, akaipitisha kamba ya filimbi juu ya kichwa chake, taratibu asiligonge bega, akaitumbukiza ndani ya jiko. Plastiki ilijikunja, ikatoa moshi mweusi na harufu mbaya iliyomfanya jirani afunge dirisha. Kisha mwanamke yule, ambaye tangu siku ya mume wake kilabuni hakutaka kuona ngumi hata kwenye televisheni, alichukua taulo nzito ya mteja kwenye kamba, akaizungushia kiganja chake mara tatu, akaenda kusimama mbele ya binti yake na kuuinua mkono.

"Piga hapa."

"Mama, utaumia."

"Piga."

Kiberiti alipiga kwa kushoto. Mama aliyumba, akarudi mahali pake, akauinua mkono tena. Kiberiti akapiga, akapiga, jasho likaanza kumtoka, mama akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukafika ukutani, na bado mkono ukiwa juu. Kocha alitaka kusema inatosha. Vidole vyake vilipapasa kifuani, havikukuta kitu.

Kiberiti aligeuza shingo akamtazama, akingoja. Kisha akaukumbuka ule moshi, akamgeukia mama yake, akapiga tena.